Marehemu Mwenda Jean Bosco, Fundi wa Gita
Sisi tuliotoka Ipole tunao undugu wa mbali na mpiga gita mmoja maarufu wa Kongo. Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga. Mji huo ulikuwa makao ya Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi katika karne ya 19 akifuata shaba, akasimika utawala wake huko. Watu wake ndio Wayeke, na Mwenda alikuwa Myeke.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akamrekodi wimbo wa "Masanga". Ukiusikiliza utadhani magita ni mawili. Kumbe ni vidole viwili tu: gumba lashika besi, na cha shahada chadonoa sauti za juu. Hakukwaruza nyuzi zote pamoja. Aliifungua kodi sauti moja baada ya nyingine, kama wafanyavyo wapigaji wengi wa bluzi wa Marekani. Mwaka 1969 alipiga huko huko Marekani, katika tamasha la Newport. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Mimi nilianza kujifunza mtindo huo nikiwa nimekwisha kuajiriwa serikalini. Gumba hupenda kukifuata kidole cha shahada. Lifundishe kwanza peke yake, polepole, mpaka liende bila kuangaliwa.

Vijana mlioko shuleni, msingoje vyombo vya umeme. Gita kavu moja latosha. Wazee wanaoujua mtindo huu wanapungua, na santuri haimwelekezi mtu vidole.