Mzee Euler na Nambari Zisizogawanyika

Hapa kwetu Nyeri, mwalimu wa hesabu akiingia darasani kuna nyuso zinazokunjamana papo hapo. Basi wenzangu, someni habari za mzee aliyepiga hesabu bila kuona ubao wala kalamu.

Leonhard Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 mjini Basel, nchini Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji, na alitaka kijana naye awe mchungaji. Lakini profesa Johann Bernoulli, aliyekuwa akimfafanulia maswali magumu kila Jumamosi alasiri, alimbembeleza mzazi mpaka akakubali kijana afuate hesabu. Mwaka wa 1727 Euler alihamia St Petersburg, Urusi.

Huko rafiki yake Goldbach alimchokoza kwa swali. Mfaransa Pierre de Fermat, bingwa aliyefariki mwaka wa 1665, aliamini kwamba nambari za aina fulani zote ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Tuchukue mojawapo. Mkulima wa Othaya aanze na punje moja ya kahawa, kesho mbili, keshokutwa nne. Akiongeza maradufu mara 32 atakuwa na punje 4,294,967,296. Ongeza moja, ndiyo nambari yenyewe. Nani angethubutu kumpinga Fermat?

Euler alithubutu. Alionyesha kwamba kigawanyo tasa chochote cha nambari hiyo, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize moja. Kwa hiyo achana na 3, 7 na 11, usipoteze wakati. Jaribu 193: inakataa. Jaribu 257, 449, 577: zote zinakataa. Ya tano ni 641, nayo inaingia kamili, mara 6,700,417! Kumbe bingwa alikosea. Hiyo ilikuwa mwaka wa 1732. Anayebisha achukue penseli azidishe mwenyewe.

Lakini maisha hayakumhurumia. Yapata mwaka wa 1738 jicho la kulia liliharibika. Alikaa Berlin miaka 25, na aliporudi Urusi mwaka wa 1766 jicho la kushoto nalo likaingia mtoto wa jicho. Mwaka wa 1771 nyumba yake iliteketea, akaokolewa na Peter Grimm, fundi mzaliwa wa Basel. Mwaka huohuo alipasuliwa jicho, akaona kwa muda mfupi tu, kisha giza likarudi. Watoto wake 13, maskini, ni watano tu waliokua.

Mtu mwingine angeketi akalia. Yeye, mwaka wa 1772, alimjulisha Daniel Bernoulli kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Hiyo si mchezo! Kwa njia ya kawaida ungejaribu nambari tasa zote mpaka 46,340, karibu 4,800. Euler alizichuja zikabaki themanini na kitu. Kazi nyingi aliifanya kichwani, wanawe na wanafunzi wakimwandikia.

Alifariki tarehe 18 Septemba 1783, siku ambayo alikuwa akizungumza juu ya njia ya sayari ya Uranus.

Ile nambari yake ingali kazini. Kompyuta nyingi za mtindo wa zamani huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na mwisho wa kuhesabu kwao ni 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, saa za Kenya.