Kamau Alipoitwa Mbele ya Wazee

Somo: 2 Wakorintho 2:5–11; Wagalatia 6:1

Jumapili iliyopita tulifundishwa juu ya yule ndugu wa Korintho. Katika barua ya kwanza Paulo aliagiza atengwe. Katika barua ya pili aliagiza asamehewe na kufarijiwa, asije akamezwa na huzuni. Sisi wazee wa kanisa tunaijua sana barua ya kwanza. Ile ya pili huwa tunaipita haraka.

Nimeombwa niandike juu ya mtu ambaye maisha yake yanatufundisha jambo hili. Nimechagua mtu mnayemjua wote, ila si kwa habari hii. Ni Mzee Jomo Kenyatta. Miaka mingi kabla hajawa rais, kanisa lake lilimweka chini ya nidhamu.

Alizaliwa katika miaka ya 1890, pande za Gatundu, akaitwa Kamau. Baba yake Muigai alifariki Kamau akiwa bado mdogo. Mama yake Wambui akachukuliwa na Ngengi, ndugu mdogo wa marehemu, kama desturi ilivyokuwa, na baadaye mama naye akafariki. Kwa hivyo kijana aliyefika misheni ya Kanisa la Scotland pale Thogoto, Novemba 1909, alikuwa yatima. Alifanya kazi ya upishi na ya nyumbani kwa mzungu mmoja jirani ili apate karo. Alisoma Biblia na Kiingereza, akajifunza useremala.

Agosti 1914 akabatizwa. Alitaka kuitwa John Peter. Wamishenari wakamwambia achague jina moja tu. Basi akachukua John, na kwa kuwa Petro maana yake ni jiwe, akaongeza neno la Kiingereza la jiwe, akawa Johnstone. Hebu fikiria kijana anayekazana hivyo ili asimwache mtume hata mmoja. Huyo si mtu aliyeingia kanisani kwa mchezo.

Lakini si mnajua mjini kulivyo? Alifanya kazi Thika kwa mwajiri aliyeitwa John Cook, ambaye alimwamini hata akawa anamtuma benki Nairobi kuchukua mishahara ya wafanyakazi. Akaugua, akaacha kazi. Wakati wa Vita Vya Kwanza vya Dunia alikaa Narok kwa jamaa zake wa Kimaasai. Vita vilipoisha alirudi Nairobi, akiwa na elimu, na pesa kidogo mfukoni. Pombe ikaingia. Halafu akakutana na Grace Wahu, wakakaa pamoja kabla ya ndoa ya kanisa, na Wahu akapata mimba.

Mwaka wa 1920 baraza la wazee wa kanisa likamwita. Makosa yalikuwa mawili: ulevi, na kuishi na Wahu nje ya ndoa. Akazuiwa kushiriki Meza ya Bwana. Ndoa ya kimila pekee haikuwatosha wazee. Wakamtaka afunge ndoa ya Kikristo. Novemba 20, 1920, mtoto wao wa kwanza, Peter Muigai, akazaliwa, na baba yake alikuwa bado hajatimiza neno la wazee.

Nataka tusimame hapo kidogo. Kuna mambo mawili ambayo wale wazee walifanya na ambayo mara nyingi sisi hatufanyi.

La kwanza, walimwita mwanamume. Katika makanisa yetu mengi, dhambi ya watu wawili hubebwa na mmoja, kwa sababu tumbo lake linaonekana. Dada anatolewa kwaya, anakaa kiti cha nyuma, na yule ndugu anaendelea kuongoza sifa kana kwamba hajui lolote. Pale Thogoto, Johnstone aliitwa kwa jina lake, akaulizwa habari zake.

La pili, walimwambia kitu cha kufanya. Nidhamu yake ilikuwa na mlango. Alijua ni nini kimemtoa mezani, na alijua hatua anayodaiwa.

Haikuwa haraka. Ilichukua karibu miaka miwili. Na katikati ya muda huo, Aprili 1922, John Cook yule wa Thika, ambaye sasa alisimamia maji katika Baraza la Mji wa Nairobi, akamwajiri awe karani wa stoo na msomaji wa mita. Mshahara ulikuwa shilingi 250 kwa mwezi, pesa kubwa sana kwa Mwafrika wa siku zile. Sisemi Cook alikuwa ametumwa na kanisa. Ninasema tu kwamba jambo la Johnstone kanisani lilikuwa halijaisha, na bado kulikuwa na mtu aliyemfahamu zamani ambaye hakuogopa kumwamini tena. Mtu aliye chini ya nidhamu anahitaji mtu kama huyo. Novemba 8, 1922, Johnstone na Wahu wakafunga ile ndoa.

Sasa linganisheni na mwaka wa 1929. Misheni ya Thogoto na nyingine ziliamua kupinga ukeketaji wa wasichana. Kwa jambo lenyewe walikuwa sawa, na leo hata sheria ya Kenya inaukataza. Lakini namna waliyotumia ilikuwa nyingine. Waumini walidaiwa kutia sahihi au kidole gumba kwenye karatasi kwamba wameikana desturi hiyo, na waliokataa wakajikuta nje. Maelfu wakaondoka, wakaanzisha shule zao na makanisa yao. Kenyatta wakati huo alikuwa London, akipeleka malalamiko ya ardhi, na katika kitabu alichotoa mwaka 1938 aliitetea desturi ile. Unaweza kuwa sawa juu ya dhambi, na bado ukampoteza mtu kwa jinsi ulivyomshika.

Simfanyi Mzee kuwa mtakatifu. Baadaye alioa wake wengine, na mengine ya utawala wake wazee wetu wanayakumbuka kwa machungu. Lakini Agosti 1963, baada ya miaka ya kifungo na kizuizini, alisimama Nakuru mbele ya walowezi wazungu waliokuwa wanamwogopa. Akawaambia kwamba yeye amesamehe, na kwamba kama amewakosea, naye anaomba msamaha. Aliaga dunia Mombasa, Agosti 22, 1978.

Wacha niseme kwa nini habari hii imenichoma. Mimi nimeketi kwenye vikao vya nidhamu huku Eastlands kwa miaka. Kuna kijana mmoja alikuwa mpiga kinanda. Alianguka, akakiri mwenyewe, tukamwambia asiguse kinanda wala Meza ya Bwana. Tulifanya vizuri kumwambia. Lakini hatukumwambia ni mpaka lini, wala afanye nini, wala ni nani atakayekuwa anamtembelea. Kila Jumanne nikienda ibada ya nyumbani Kayole nilikuwa napita kwenye ploti yake. Taa inawaka. Nilipita. Nilikuwa najiambia ati anajua kanisa liko wapi.

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda pale steji ya Masimba, kumbe dereva ni yeye. Zamani alikuwa ananiita baba. Siku hiyo aliniita kastoma.

Wapendwa, yule ndugu aliyetoka mezani hajatoka katika familia. Paulo anawaambia Wagalatia kwamba mtu akinaswa katika kosa, walio wa Roho wamrejeze kwa upole, kila mmoja akijiangalia nafsi yake. Kumrejeza ni kazi ya miguu. Tukimweka mtu chini ya nidhamu, tumwambie wazi kosa ni lipi, afanye nini, na ni mzee gani atakayekuwa anabisha mlangoni kwake kila wiki. Na kama dhambi ni ya wawili, tuwaite wawili. Siku muda ukiisha, tumrudishe mbele ya watu wote, kwa sababu tulimtoa mbele ya watu wote.

Jumanne hii sitapita ile ploti. Nitabisha.

Maombi ya wiki: Tuwaombee kwa majina wote walio chini ya nidhamu katika kanisa letu, na wale waliochoka kungoja wakaondoka. Kila seli ichague nyumba moja ya kutembelea kabla ya Jumapili.