Gunpei Yokoi: Fundi wa mashine aliyewapa watoto turubai ya televisheni

Gunpei Yokoi alizaliwa Kyoto, Japani, mwaka 1941. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa na Nintendo, wakati huo kampuni ya karata. Kazi yake ilikuwa kutunza mashine za kiwandani.

Katika muda wake wa ziada alijitengenezea mkono wa kuchezea unaorefuka na kushika vitu. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alipouona, aliagiza utengenezwe kwa ajili ya soko. Iliuzwa zaidi ya milioni moja.

Tangu hapo Yokoi aliamini kwamba teknolojia ya zamani na ya bei nafuu, ikitumiwa kwa njia mpya, yatosha. Game Boy ya mwaka 1989 haikuwa na skrini ya rangi, lakini betri zake zilidumu kuliko za wapinzani.

Mwaka 1992 idara aliyoiongoza ilitoa Mario Paint, programu ya mashine ya Super Nintendo. Iliuzwa pamoja na kipanya, kifaa kilichozoeleka kwenye kompyuta za ofisini. Sasa mtoto aliweza kuchora, kutengeneza katuni na kutunga muziki kwenye televisheni ya sebuleni.

Mwaka 1995 mashine yake ya Virtual Boy ilishindwa sokoni. Mwaka uliofuata aliondoka Nintendo, akaanzisha kampuni yake. Oktoba 1997 aligongwa na gari, akafariki akiwa na miaka 56. Game Boy ilikuwa bado madukani.