Karani Aliyemfichua Mfalme

Wasomaji wetu wa Mpanda na wa kandokando ya Ziwa Tanganyika waijua Karema. Wachache hukumbuka kwamba kituo hicho kilianzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji, watumishi wa chama cha Mfalme Leopold wa Pili, aliyetangaza kwamba nia yake ni elimu na kukomesha utumwa. Mwaka 1885 Karema ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Mwaka huohuo mfalme alijipatia Kongo, ng'ambo ya ziwa, akaifanya mali yake binafsi. Aliyefanya kazi kubwa ya kuyafichua maovu yaliyotendeka huko ni Edmund Morel, ambaye twapenda kuyasimulia maisha yake.

Morel alizaliwa Paris mwaka 1873. Baba Mfaransa, mama Mwingereza. Alipokuwa kijana alipata kazi ya ukarani Liverpool, katika kampuni ya meli ya Elder Dempster iliyochukua shehena za Kongo. Kwa kuwa alijua Kifaransa, alitumwa mara kwa mara kwenye bandari ya Antwerp. Huko aliona jambo la kushangaza. Meli zilirudi zimejaa mpira na pembe za ndovu, lakini zilipokwenda zilichukua hasa maofisa, bunduki na risasi. Bidhaa za kuwalipa wenyeji hazikuonekana. Basi akatambua kwamba mpira ule haukununuliwa, bali watu walishurutishwa kuutoa.

Alipowaeleza wakubwa wake, hawakupendezwa. Aliahidiwa fedha ili anyamaze, akakataa. Mwaka 1901 aliacha kazi, ingawa alikuwa na mke na watoto wa kulisha, na mwaka 1903 akaanzisha gazeti lake, West African Mail. Humo alichapa hesabu za biashara na ushuhuda wa wamisionari walioona vijiji vikichomwa na watu wakikatwa mikono. Mfalme naye alitumia fedha nyingi kuyanunua magazeti yamtetee. Mwaka 1904 taarifa ya konsuli Mwingereza, Roger Casement, ilithibitisha habari hizo. Hata tume ya mfalme mwenyewe haikuweza kuzikana. Wakatoliki wengi walidhani ni hila za Waprotestanti, lakini mwaka 1906 Padre Vermeersch, Mjesuiti wa Ubelgiji, aliulaumu utawala huo waziwazi katika kitabu chake. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachilia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu, Morel aliyepinga vita hiyo alifungwa gerezani. Mwaka 1922 alichaguliwa kuwa mbunge wa Dundee, akimshinda Winston Churchill, na mwaka 1924 akafariki. Hatulifichi doa lake: mwaka 1920 aliandika maneno ya chuki na uzushi juu ya askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliokuwa Ujerumani. Aliyewapima wengine kwa ukweli hana budi kupimwa kwa ukweli uo huo.

Hata hivyo kazi yake ya Antwerp yatufaa hata sasa. Orodha zile za shehena zilipita mikononi mwa makarani wengi, nao walizitia sahihi wakaenda zao. Yeye alizisoma. Mwandishi wa habari, na hata mwanakijiji asimamaye mbele ya ubao wa matangazo penye hesabu za kijiji chake, aweza kuuliza alivyouliza karani yule: kimeingia nini, kimetoka nini, na kilichopungua kiko kwa nani?