Karani Aliyerudi Tanga: Maisha ya Marehemu Shaaban Robert

Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mmoja maarufu wa pwani yetu, nami nimemchagua marehemu Sheikh Shaaban Robert. Najua wengine watasema kuwa habari zake zimekwisha, maana nani aliyesoma sekondari asiulizwe swali juu yake katika mtihani? Lakini huyo wa mtihani ni mshairi. Mimi nataka kumsema karani, kwa kuwa ukarani ndio uliomtoa kwao, na ukarani huo huo ndio uliomrudisha.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, nje kidogo ya mji wa Tanga. Asili ya wazee wake ilikuwa Wayao, ila yeye alijihesabu Mswahili wala hakuona haja ya kueleza zaidi. Mwaka 1922 alipelekwa Dar es Salaam kusoma, akamaliza mwaka 1926. Katika wanafunzi 11 waliopata cheti cha kumaliza shule, yeye alikuwa wa pili. Vijana wa leo wanaofanya mtihani kwa maelfu wayatazame hayo: watu 11 tu, na serikali ya mkoloni ikiwangoja mlangoni iwagawe kwenye ofisi zake.

Yeye aliangukia Idara ya Forodha, akaanza kazi Pangani. Mwanzo huo haukuwa mbaya, kwani Pangani na Tanga ni ndugu: bahari moja, minazi ile ile, na habari za nyumbani hazichelewi. Lakini mtumishi wa serikali hachagui kituo. Alipata kupelekwa hadi Longido, kule Umasaini karibu na mpaka wa Kenya, mahali ambapo mtu wa pwani husahau harufu ya chumvi. Akafika na Mpwapwa. Mwaka 1944 aliiacha Forodha akaingia Idara ya Wanyama. Vita Kuu ya Pili ilikuwa bado haijaisha, magari yalikuwa machache, na Mwafrika, hata akiwa na kalamu mfukoni na barua ya serikali mkononi, hakuwa na hakika ya kupata nafasi ya kukaa. Sisi tuliowahi kupokea barua ya uhamisho siku ya Ijumaa tukatakiwa kuripoti Jumatatu tunaweza kukisia sehemu tu ya taabu hiyo.

Katika miaka hiyo ya kuhamahama alimpoteza mkewe, Amina. Shairi la kumlilia limo katika kitabu chake cha Maisha Yangu, na sijamwona mtu aliyelisoma akacheka siku hiyo. Akabaki na malezi ya watoto. Hapo ndipo ilipotoka ile hati aliyomwandikia binti yake Mwanjaa, na utenzi wa adili kwa mwanawe Hussein. Tumezoea kuzisoma tenzi hizo kama mafundisho ya jumla kwa wasichana na wavulana. Kwa maoni yangu zisomwe kwanza kama maneno ya baba ambaye hajui kesho serikali itamtupa wapi, akaona afadhali awaandikie wanawe wosia mapema.

Mwaka 1946 alirudi Tanga, katika ofisi ya Wilaya. Mwaka 1952 akahamia ofisi ya Upimaji wa Ardhi, hapo hapo Tanga, akakaa mpaka alipostaafu mwaka 1960. Miaka 14 mfululizo mjini kwake! Kwa mtumishi wa siku zile hiyo ilikuwa bahati kubwa. Wala hakurudi kupumzika. Mchana alikuwa mtumishi wa Mwingereza, na kazi yake ya uandishi akaifanya nje ya saa za ofisi. Maisha Yangu ilitoka mwaka 1949, Kusadikika mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka 1952, Kielezo cha Insha mwaka 1954.

Hebu tukitazame Kusadikika. Wajumbe sita wa nchi hiyo wanatumwa pande sita, wanarudi na mambo ya kuifaa nchi yao, na wote wanalipwa kifungo. Kitabu hiki kilitolewa na karani aliyekaa ndani ya ofisi ya Wilaya ya mkoloni, na wakubwa wake hawakumgusa. Labda walidhani ni ngano ya watoto. Mimi naona humo jambo ambalo kila anayerudi kwao hulijua: mji unaoupenda si lazima ukupokee na ulichojifunza ugenini. Katika Utubora Mkulima aliligeuza jambo hilo upande wa pili. Utubora anaacha kazi nzuri ya ukarani mjini, watu wanamshangaa, naye anakwenda Busutamu kushika jembe na kupata raha yake.

Yeye mwenyewe raha hiyo hakuipata kwa wepesi. Wachapaji walikuwa mbali, London na Johannesburg, na karani wa Tanga alingoja majibu kwa meli. Alipewa tuzo ya kumbukumbu ya Margaret Wrong na nishani ya MBE ya Mwingereza, lakini tuzo hailipi mchapaji. Mwishoni alichapisha hapa hapa nyumbani kwa jina la Art and Literature. Masomo Yenye Adili (1959) na Almasi za Afrika (1960) vilitoka Tanga, si Ulaya. Naona jambo hilo halitajwi vya kutosha, nasi watu wa Tanga tungepaswa kuwa wa kwanza kulitaja.

Baada ya kustaafu alipata miaka miwili tu. Aliiona bendera ya Uhuru ikipandishwa Desemba 1961, akafariki Juni 1962, umri wake miaka 53. Miswada mingi aliiacha haijachapwa. Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilitoka mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968, wakati mwenyewe amekwisha lala Machui, jirani na kijiji alichozaliwa.