Cecilia Payne na siri ya nyota

Waliorejea Palma na wafanyabiashara wanaolala pwani wakisubiri kuvuka Ruvuma huyaona usiku usio na mwezi, Desemba na Januari: mabaka mawili meupe upande wa kusini, kama wingu lisilosogezwa na upepo. Ni Mawingu ya Magellan, galaksi zilizo jirani na yetu.

Cecilia Payne, aliyezichunguza nyota zake miaka ya 1960, alizaliwa Uingereza mwaka 1900, akahamia Harvard, Marekani, mwaka 1923. Wakati huo wataalamu waliamini nyota zina mchanganyiko kama wa dunia, kwa kuwa alama za chuma zimejaa katika mwanga wa jua. Payne, akitumia kanuni za Mhindi Meghnad Saha, alionyesha kuwa joto kali huvua atomu elektroni zake, hivyo alama ya kitu hufifia hata kama kipo tele. Hesabu yake ikatoa haidrojeni na heliamu.

Henry Norris Russell, bingwa wa fani hiyo, akampinga. Katika tasnifu yake ya 1925 binti huyo akalazimika kuandika kuwa matokeo yake huenda si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe akafikia jibu lile lile. Alimtaja Payne, lakini sifa nyingi zikamwendea yeye. Uprofesa Payne aliupata 1956.

Alifariki Desemba 1979. Kwa njia iliyokua kutokana na hesabu yake, wanasayansi wamepima nyota za moto za mawingu yale, wakakuta chuma chake ni kidogo kuliko cha jua.