Rudolf Nissen

Rudolf Nissen (Neisse, 9 Septemba 1896 – Riehen, 22 Januari 1981) alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ujerumani mwenye asili ya Kiyahudi. Anajulikana hasa kwa kubuni upasuaji wa kuzuia asidi ya tumbo isipande kwenye umio. Upasuaji huo unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Maisha

Alizaliwa Silesia, katika mji ambao leo unaitwa Nysa nchini Poland. Baba yake alikuwa mpasuaji pia. Baada ya masomo alikuwa msaidizi wa Ferdinand Sauerbruch mjini Munich, halafu Berlin. Huko, mwaka 1931, aliondoa pafu zima la msichana wa miaka 12, naye akapona.

Mwaka 1933 Wanazi walishika serikali na kuanza kuwatesa Wayahudi. Nissen aliacha kazi yake akahamia Istanbul, alikofundisha upasuaji katika chuo kikuu. Mwaka 1939 alikwenda Marekani. Mwaka 1948 alimpasua Albert Einstein mjini New York, akaufunga kwa selofani mshipa mkubwa wa damu uliokuwa umevimba tumboni. Einstein aliishi hadi mwaka 1955. Kuanzia 1952 hadi 1967 Nissen alikuwa profesa mjini Basel, Uswisi.

Upasuaji wa Nissen

Kwa kawaida msuli ulioko mwisho wa umio hujifunga baada ya chakula kupita. Ukilegea, asidi hupanda na kuleta kiungulia. Hali hiyo ikidumu, umio huweza kupata vidonda.

Mwaka 1936, akiwa Istanbul, Nissen alikata sehemu ya chini ya umio wa mgonjwa mmoja. Sehemu iliyobaki aliiunga na mfuko wa tumbo, akaizungushia mikunjo ya mfuko huo ili kulinda mshono. Miaka mingi baadaye ilionekana kwamba mgonjwa huyo hasumbuliwi na asidi. Mwaka 1955 huko Basel alitumia njia hiyo kwa makusudi: aliizungusha sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo kwenye mwisho wa umio na kuishona kama kola. Alitangaza matokeo yake mwaka 1956.

Urithi

Tangu 1991 upasuaji huo hufanyika pia kupitia matundu madogo. Baadhi ya wagonjwa hubaki na shida ya kumeza au kujaa gesi. Siku hizi ziko pia njia za endoskopi: kifaa hupitishwa mdomoni, na mkunjo hutengenezwa kutoka ndani bila kukata ngozi. Njia hizo hazimfai kila mgonjwa, hasa mwenye henia kubwa ya kiwambo, lakini wazo lake ni lilelile la Nissen.